Mwantumu Aliyedhani Hajui Kusoma

Wifi yangu Mwantumu binti Makame aliolewa na kaka yangu Mrisho mwaka wa arobaini na nane, akaletwa Mbeya kutoka Iringa kwa basi la Relwe, la kampuni ya reli, kajifunika mablanketi mawili na bado anatetemeka. Nilimpokea mimi. Neno langu la kwanza kwake halikuwa karibu. Nilimwambia, "Kumbe ndiye wewe? Tuliambiwa ni mrefu."

Akacheka. "Urefu umebaki Iringa, wifi. Utaletwa na mizigo."

Nikampenda siku ileile. Nayasema haya mapema ili msidhani kwamba niliyomtendea nilimtendea kwa chuki. Kwa chuki ningekuwa na cha kujitetea.

Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwepesi, mikono haitulii. Asubuhi alikaanga vitumbua akauza mlangoni, na kabla jua halijakaa sawa juu ya mlima Loleza sinia lilikuwa tupu na ua umefagiwa. Hakujaliwa mtoto. Watu walipomuuliza, kama watu wanavyopenda kuuliza, alijibu kwamba anawasubiri watoto wao wakue kwanza aone kama wana faida.

Mwaka wa hamsini mama yetu akaanguka jikoni. Upande wake wa kulia ukapooza na mdomo ukaenda kando. Mwaka uliofuata Mrisho akasema anakwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, miezi mitatu tu, arudi atutengenezee nyumba ya bati. Ikaja barua ya kwanza, ikaja ya pili. Halafu kimya. Mwaka ukapita, na mwingine.

Sasa tazama nyumba ilivyobaki. Mama kitandani, Mwantumu na mimi. Mimi nilikuwa mjane, nauza mchele wa Chimala sokoni. Natoka asubuhi, narudi alasiri. Mama aligeuzwa na Mwantumu, akaogeshwa na Mwantumu, akalishwa uji kijiko kwa kijiko, akabadilishwa nguo, akakandwa mguu uliokufa kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Mama mzazi ni wangu. Mimi jioni nilichungulia mlangoni nikauliza, "Mama umeshindaje?" kisha nikaenda kunawa. Jirani zangu walinisifu jinsi ninavyomtunza mama, nami nikaitikia.

Sifa yangu nyingine ilikuwa kusoma. Nilisoma hadi darasa la nne, na katika nyua zile za mtaani kwetu hakukuwa na mwanamke mwingine aliyejua herufi za kizungu. Wachache walijua kusoma Kurani, na hiyo waliisoma kwa moyo. Barua zote zilipita kwangu. Na tangu Shiraz mwenye duka alipoanza kuleta vitabu vipya vya hadithi za mapenzi, vile vyembamba vya karatasi, vinavyokuja na mabasi pamoja na madaftari na tambi za taa, basi na vitabu vyote vilipita kwangu.

Shiraz alikuwa akiniona tu nakatiza barabara anapaza sauti, "Bi Waridi! Kipya kimefika! Hiki kina jini!"

"Jini wa namna gani?"

"Jini wa mapenzi, mama. Kwani wewe unanunua mwingine?"

Watu wazima barabarani wakageuka. Nilimwambia akifunge kwenye gazeti, nikakipitisha chini ya khanga kama mtu aliyenunua pombe.

Alasiri wanawake walikuja uani kwangu. Jamvi likatandikwa, kila mmoja akapewa ungo, nikamwaga mchele wa kesho. Nikasoma, wao wakachagua mawe na chuya. Ndiyo, mchele wangu. Watu wanane walinifanyia kazi kila siku kwa malipo ya sura moja ya kitabu, na nilipotaka wachague magunia mawili niliwasomea sura mbili. Mtu akiniambia nilikuwa na roho nzuri ya kuwasomea wasiojua, autazame ule mchele.

Kwenye kurasa za kukumbatiana niliona haya, maana mama alikuwa anasikia kupitia dirisha. Nikifika hapo nilikohoa, nikaruka mistari, nikaendelea walipovaa nguo. Wenzangu walikijua kile kikohozi.

"Amekohoa!" Bi Rukia alipiga kelele. Alikuwa mzee kuliko sote, mtu wa asili ya Bagamoyo, meno manne. "Mwanangu, kohoa polepole basi, tusikie hata kidogo!"

"Bi Rukia, umri huo?"

"Umri huo ndio unaosahau. Nikumbushe!"

Mwantumu alikaa karibu nami kuliko wote, ungo wake magotini, macho kwenye ukurasa. Alikuwa akitazama kidole changu kinavyokwenda. Mara nyingi aliniambia, "Wifi, nionyeshe basi hizi alama." Nami mara nyingi nilimwambia kesho. Niseme ukweli. Sikutaka. Mtaa mzima ulikuwa na msomaji mmoja, na nafasi hiyo ilinitosha mimi peke yangu.

Mwaka wa hamsini na nne ndipo kikaja kitabu chenyewe. Kiliitwa *Nargisi wa Mji wa Shaba*. Nargisi ni mke wa tajiri mmoja, Fadhili, aliyekwenda kutafuta lulu nchi za mbali akamsahau mkewe nyumbani. Katika birika la maji la uani mwa nyumba ile anaishi jini, Sirhani, ambaye alimwona Nargisi ananawa uso akashikwa na mapenzi asiweze kula wala kulala. Akakonda.

"Jini anakonda!" Bi Rukia akasema. "Mbona waume zetu wananenepa?"

Kila jioni Sirhani anampulizia Nargisi upepo wenye harufu ya asumini na kumwambia: hujaachwa wala hujashikwa, nenda kwa kadhi ukafunguliwe ndoa, mimi nitakuoa kwa mahari na mashahidi. Maana alikuwa jini Mwislamu, mwenye adabu zake. Nargisi analia, hajui afanyeje. Hapo tukawa tumefika nusu ya kitabu.

Siku hiyo Mwantumu aliweka ungo chini. Akasema, anacheka, "Basi jamani, mimi nimeamua. Huyu Nargisi akienda kwa kadhi, na mimi naenda. Naomba nifunguliwe, narudi kwa kaka Othmani Iringa nikamsaidie cherehani. Asipokwenda, nami nakaa."

Wanawake wakacheka. "Na jini wako yuko wapi?"

"Atanikuta njiani. Nyololo pale kwenye kituo, ananisubiri na mkungu wa ndizi."

Walicheka tena. Mimi nilimtazama. Mdomo ulicheka na macho hayakuwamo. Miaka mitatu alikuwa hajatamka jina la Iringa.

Lazima niwaambie na jambo jingine. Wiki ileile Yotamu, dereva wa lori anayeleta tumbaku kutoka Chunya, alisimama kwenye meza yangu ya mchele akaninong'oneza kwamba kaka yangu hajafa wala hajapotea. Yuko machimboni, ana mke wa Kisafwa na mtoto anayetambaa. Nilimwambia Yotamu afunge mdomo, nikampimia mchele wa kujaza kofia yake.

Kesho yake, sokoni, nilikitoa kile kitabu nikasoma mbele peke yangu hadi mwisho. Nargisi anakwenda kwa kadhi. Anapanda ngazi za baraza kwa miguu yake, anasema mbele ya wazee, "Sikuzaliwa niwe kufuli la nyumba ya mtu," anafunguliwa, anaolewa na Sirhani. Fadhili anarudi na lulu zake anakuta mlango wazi na birika limekauka.

Nilikaa nalo lile jambo mchana kutwa. Wateja wananiita siwasikii. Nilichokiona mbele yangu si Mwantumu ndani ya basi. Niliiona mikono yangu mimi, asubuhi, juu ya mwili wa mama yangu, na soko limefunguliwa na meza yangu tupu.

Alasiri nikakaa jamvini, nikakifungua kitabu, kidole kwenye mstari, nikasoma yasiyoandikwa. Nikasema Nargisi alipofika mlangoni pa kadhi moyo wake ulimkataza. Akarudi, akafunga mlango, akalifunika birika kwa jiwe. Akakaa miaka saba anasuka mkeka mmoja. Mwaka wa saba Fadhili akarudi na ngamia arobaini, akambusu mikono, akamwambia wewe ndiye lulu niliyokuwa naitafuta. Nilisoma kwa madaha sana. Bi Rukia akalia. Hata mimi sauti ilitetemeka, na nikaona uzuri wa nilichotunga, Mungu anisamehe.

Mwantumu alichagua mchele hadi punje ya mwisho. Kisha akasema, "Haya. Amekaa." Akaenda ndani kumgeuza mama.

Sisemi alikaa kwa ajili ya kitabu peke yake. Mtu mzima haendeshwi na karatasi. Lakini alikuwa amesimama mahali ambapo kidole kimoja kingetosha kumsukuma huku au kule, na kidole kile kilikuwa changu. Akakaa mwaka mzima na zaidi.

Mwaka wa hamsini na tano likaja somo la watu wazima. Mwalimu Eliezeri, kijana wa Kinyakyusa mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi kama kisu, alianza kufundisha wanawake mara tatu kwa wiki, saa nane mchana, kwenye banda la nyuma ya soko. Mwantumu akajiandikisha. Alimwogesha mama mapema, akamwacha na Bi Rukia, akafunga kalamu kwenye pindo la khanga.

"Wifi," nikamwambia, "utu uzima huo unakwenda kusoma nini? Majina ya vidonge?"

"Nikusaidie, wifi. Siku ukiumwa macho nani atatusomea?"

Nilicheka. Nilijiambia atachoka. Wengi walichoka. Yeye aliandika herufi kwa mkaa ukutani jikoni, akaandika kwenye majivu, akaandika kwa kidole mgongoni mwa mama akimkanda, na mama anakisia ni herufi gani. Wawili wale walicheka huko ndani kama watoto. Miezi minane.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, mwenye miaka yote ya kusoma, nisingelifikiria. Alikwenda kwa Shiraz na akiba yake ya vitumbua akanunua kitabu chake mwenyewe, *Nargisi wa Mji wa Shaba*. Alichagua hicho kwa akili: kwa kuwa hadithi yake anaijua yote kwa moyo, akikwama kwenye neno atalikumbuka, na hivyo ataweza kumaliza kitabu kizima bila msaada. Alitaka kunistukiza. Alitaka alasiri moja anipokonye kitabu mkononi, asome yeye, nichague mchele mimi.

Alasiri hiyo haikufika. Alikuja jikoni siku moja nakoka moto, kitabu kakibana kifuani. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Wifi, nisaidie. Nimeharibikiwa."

"Una nini?"

"Mwanzo nilisoma vizuri. Kila neno mahali pake, kama ulivyosoma. Birika nikalisoma, upepo nikausoma, hata na zile ulizokuwa unakohoa nimezisoma." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likakatika. "Kufika hapa nikapotea. Mimi naona, tazama, 'aka-pa-nda nga-zi za ba-ra-za.' Wewe ulisoma akarudi akafunga mlango. Nimesoma jana, nimesoma leo. Herufi zinaniambia uongo. Nimekosea wapi?"

Alinipa kitabu. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari ule, kimepauka ncha kwa kukandamiza.

Hapo palikuwa na nafasi. Nataka mjue kwamba niliiona. Moto unawaka, hakuna mtu mwingine, mlango wa mama umefungwa. Ningesema maneno matatu tu. Badala yake nilikichukua kitabu, nikakiangalia kwa uso wa mwalimu, nikamrudishia.

"Umekosea kusoma," nikasema. "Ndiyo kazi ya kujifunza uzeeni. Hapo pameandikwa akafunga mlango."

"Lakini hii si 'p'?"

"Nimekwambia, Mwantumu. Mimi au wewe, nani kasoma?"

Akakitazama kitabu muda mrefu. Akasema polepole, "Basi hata yale ya mwanzo sikuyasoma. Nilikuwa nayakumbuka tu."

Akatoka. Kesho yake hakwenda darasani, wala kesho kutwa. Akaziosha zile herufi za mkaa ukutani kwa maji na majani ya mgomba. Miezi miwili hakushika kalamu. Alasiri alikaa jamvini kwenye mwisho wa duara, mbali nami, akichagua mchele bila kutazama ukurasa, na mtu akimuuliza habari za somo alisema, "Mimi kichwa changu ni cha vitumbua."

Mambo mengi nimesema na kufanya katika umri wangu yanayofaa kunisumbua, na hayanisumbui. Ulimi wangu umewaliza watu na nikalala usingizi. Lakini ile miezi miwili sikuweza kula kitumbua chake. Na bado sikusema. Maana mama naye yuko palepale, na soko liko palepale.

Aliyemtoa ni Mwalimu Eliezeri. Alikuja mwenyewe mlangoni, baiskeli mkononi, siku ya Alhamisi, wanawake wote tukiwa uani.

"Namtafuta mwanafunzi wangu bora. Amehamia wapi?"

Mwantumu akainamisha kichwa. "Mwalimu, niache. Mimi sijui kusoma. Nilikuwa nakariri."

"Nani kakwambia?"

Hakunitaja. Hata wakati ule hakunitaja. Alisema, "Nimejaribu kitabu, kinanigomea."

"Kilete."

Akakileta. Mwalimu akamwambia afungue palepale panapomgomea asome kwa sauti, asiogope. Mimi nilisimama nikasema mchele unaingia vumbi. Hakuna aliyesikia. Mwantumu akaanza, sauti kama ya mtoto. "Nargisi... akapanda... ngazi za baraza... kwa miguu yake."

"Endelea."

"Akasema mbele ya wazee: Si-ku-za-li-wa... niwe kufuli... la nyumba ya mtu."

"Endelea."

Akasoma ukurasa wote. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake, anafuata kwa macho. Alipomaliza akasema, "Mama, umesoma sawasawa. Hakuna kosa hata moja. Sasa tatizo lako ni lipi?"

Uani nyungo zikasimama. Mwalimu maskini hakujua kitu, aliangalia huku na huku akidhani kavunja mwiko wa nyumba. Bi Rukia ndiye aliyesema, taratibu, "Si ulitusomea alifunga mlango?"

Sikumbuki nilijibu nini. Bi Rukia hukumbuka, anasema nilijibu, "Upepo ulifungua kurasa mbili." Sitashangaa kama nilisema hivyo.

Wanawake waliondoka mmoja mmoja, na mchele ukabaki nusu. Mwantumu alimsindikiza mwalimu, akarudi, akakaa kwenye jamvi mbele yangu.

"Wifi."

"Abee."

"Ulipoona haya ulikuwa unakohoa. Pale hukukohoa."

Nikaanza kuokota punje zilizomwagika jamvini.

"Na jikoni nilikuja kukuuliza. Nimekuletea na kidole. Ukaniambia nimekosea." Hakuwa analia. Ingekuwa nafuu. "Miezi miwili nimejiona ng'ombe. Kwa nini?"

Nikamwambia. Si yote, lakini nilimwambia habari ya mama. Kwamba niliogopa akiondoka nitabaki na mama peke yangu na siwezi.

Alifikiri. Kisha akasema jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka najifunika uso hata kama niko peke yangu.

"Ungeniomba. Ungesema, wifi, kaa unisaidie mama, mimi peke yangu siwezi. Ningekaa. Mama yule nampenda. Ningekaa na ningejua nimekaa kwa nini."

Akanyanyuka. Mlangoni akageuka. "Na barua zangu? Zile mbili za Mrisho. Nazo ulizitunga?"

"Wallahi nilizisoma zilivyo."

"Tutaona."

Akazitoa sandukuni, akazisoma mwenyewe mbele yangu, neno kwa neno, kidole mbele. Zilikuwa kama nilivyosoma. Akazikunja akazirudisha. Na kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulikuwa unapita mlangoni kwetu na barua za miaka kumi, zimetoka chini ya magodoro na ndani ya vibuyu, si kwangu, kwake. Bi Rukia alikuja na rundo la mwanawe aliyeko Tanga.

"Usinune, mwanangu," aliniambia akinipita. "Ni kuhakikisha tu."

Hakuna hata barua moja niliyowahi kuigeuza. Mwantumu alizisoma zote, akawaambia ziko sawa. Hakuna aliyekuja kuniambia. Na mchele wangu tangu siku hiyo nilichagua mwenyewe.

Mwezi uliofuata alikwenda kwa shehe aliyekuwa akisikiliza mashauri ya ndoa mjini, kuomba afunguliwe. Shehe akataka mtu wa upande wa mume. Upande wa mume ulikuwa mimi. Nikaitwa barazani, nikakaa kwenye mkeka, mashahidi wanaume wanne, Othmani kaka yake amekuja kutoka Iringa na koti lake jipya.

"Bi Waridi, mume wa huyu yuko hai?"

Ningeweza kusema sijui. Watu wote walidhani sijui. Mwantumu mwenyewe alidhani hivyo. Nikasema, "Yuko hai. Yuko Chunya. Ana mke mwingine na mtoto, sasa bila shaka anakimbia."

Mwantumu aligeuza shingo. "Umejua lini?"

"Wiki ileile ya kitabu."

Akaurudisha uso kwa shehe. Shehe alinitazama juu ya miwani yake, akasema, "Bi Waridi, kuna mengine uliyosahau kutusomea?"

Wanaume wakacheka. Nilistahili. Nikasema, "Hayo ndiyo ya mwisho, shehe." Na yalikuwa ya mwisho kweli, lakini nani angejua?

Shehe alimwandikia Mrisho kwa mkono wa Yotamu: arudi au aache. Baada ya wiki tano talaka ilikuja kwenye karatasi iliyochanwa daftari. Yotamu aliifikisha mlangoni, nami kwa mazoea nikanyoosha mkono. Mwantumu alikuwa ameshaifungua. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaenda kuwasha jiko.

Sasa eda. Mwanamke aliyeachwa huikalia eda yake nyumbani mwa mume, na nyumba ya mume ndiyo hii yetu. Miezi mitatu. Nilidhani atanipita kama anayepita ukuta, na siku za kwanza ndivyo alivyofanya. Siku ya kumi aliniita kutoka chumbani kwa mama.

"Njoo. Usiende sokoni leo. Njoo ushike."

Nikaingia. Mama alikuwa uchi hadi kiunoni, mdogo, mifupa kama ya kuku. Sikuwa nimeuona mwili wake miaka sita.

"Weka mkono chini ya bega. Si hapo, hapo panamwuma. Huku. Goti lako likae kitandani. Sasa mvute kwako, usimsukume. Akisukumwa anaogopa."

Nilimvuta vibaya, mama akapiga ukelele. Mwantumu hakunikaripia. Alisema, "Tena."

Kila siku alinifundisha kitu kimoja, kwa sauti ileile isiyo na joto wala baridi. Namna ya kujua uji uko sawa kwa mgongo wa mkono. Mahali ngozi inapoanza kuwa nyekundu, na la kufanya kabla haijapasuka. Kwamba mama hapendi kuogeshwa uso mwanzo, anapenda miguu kwanza, na hujui kwa nini, lakini ndivyo. Aliniuliza maswali siku ya pili yake kuona kama nimeshika. Nilipokosea alisema nimekosea, na nilipopatia alisema nimepatia. Alinifundisha yote. Hakunificha hata jambo moja.

Eda iliisha mwezi wa saba, baridi kali. Alimuaga mama peke yao, mlango umefungwa, sikusikia walisema nini. Mimi nilimbebea sanduku hadi kituoni. Njiani nilimwomba radhi, maneno mengi, nami si mtu wa maneno machache. Akasikiliza yote. Basi lilipofika akachukua sanduku mkononi mwangu akasema, "Saa nne umgeuze. Usichelewe," akapanda.

Sijui kama hiyo ni radhi. Sijapata kumuuliza.

Nilirudi mbio. Meza yangu sokoni ilikuwa tupu siku hiyo na nyingi zilizofuata. Nikaingia chumbani, nikaweka goti kitandani, mkono chini ya bega, nikamvuta mama kwangu. Macho yake yalikuwa yamefumba. Akasema kwa ule mdomo wake wa upande, "Mwantumu, mbona leo mikono ya baridi?"

Nikaisugua kwanza mikono yangu ikapata moto, kisha nikamwitikia, "Abee, mama."